Rakaa Mbili za Kuchagua Kozi

Siku tulipoamua kumuuliza Mwenyezi Mungu nisomee kazi gani, zilikuwa zimebaki siku tisa tovuti ya kuchagulia kozi ifungwe. Nasema "tulipoamua" kwa heshima tu, maana mimi sikuamua lolote. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nina B yangu ya kidato cha nne, nimekalia ndoo iliyogeuzwa katika ua wa nyumba yetu ya Mjambere, na watu wazima wanne wananijadili kana kwamba nimesafiri.

Wanne wenyewe walikuwa baba, mama, mjomba wangu ambaye ni kaka yake mama, na nyanya, mama yake baba, aliyevuka feri kutoka Likoni asubuhi hiyo kwa ajili ya shughuli hiyo tu. Ile B ilikuwa imewavuruga. Ningepata D, ningepelekwa kujifunza ushonaji, watu wakanipa pole na mambo yakaisha. Ningepata A, ningeambiwa udaktari na hakuna ambaye angeuliza swali. B ni gredi ya balaa. Inakuruhusu vitu vingi kiasi cha kukuchanganya, na haikupi kimoja cha kuringia.

Baba alitaka niwe mwalimu. Alikuwa amefua mashuka ya hoteli moja ya ufuoni Bamburi kwa miaka kumi na mitano, hadi msimu mmoja wageni wakakatika, hoteli ikafungwa, na wafanyakazi wakaambiwa wakae nyumbani wasubiri kuitwa. Hakuitwa. Tangu hapo aligawanya kazi zote za dunia mafungu mawili: zile zinazongoja mzungu apande ndege, na zile zisizomngoja.

"Watoto hawataacha kuzaliwa," alisema. "Mwalimu hatakosa wa kumfundisha."

Mjomba alikuwa akihangaikia makaratasi ya makontena bandarini, na alivaa saa kubwa ambayo aliigonga kila alipotaka kusisitiza jambo. Alitaka nisomee ugavi na mambo ya forodha.

"Mji huu walishwa na bandari," alisema, akaigonga saa. "Mwenye akili hukaa karibu na chungu."

Mama hakusema alichokitaka. Alituzungushia chai, akaketi mkekani, akasikiliza. Lakini mimi nilijua, au nilidhani najua, na kwa umri ule hayo mawili sikuweza kuyatenganisha. Miaka minne kabla ya hapo mama yake alikuwa amelazwa hospitali, na kwa siku tatu tulikaa nje ya wodi tukibahatisha habari. Hatukujua kama ameamka, kama amekula, kama kuna aliyemgeuza ubavu wa pili. Familia nyingine zilikuwa na mpwa au binamu mle ndani, mwenye yunifomu, anayetoka mara kwa mara na kuwanong'oneza. Sisi hatukuwa na mtu. Siku ya mazishi mama alikaa na leso yake kichwani akasema, bila kumtazama yeyote, "Laiti tungekuwa na mtu wetu mle ndani." Nilikuwa na miaka kumi na minne, na maneno yale niliyapokea kama agizo.

Na mimi nilitaka nini? Nilikuwa nimetaka mambo mengi, kila moja kwa muda wa wiki mbili hivi. Nilitaka kuwa rubani kila tulipokwenda kwa shangazi yangu Changamwe, ambako ndege hushuka chini chini juu ya mabati mpaka unayaona magurudumu. Nilitaka kusoma habari redioni kwa sababu mwalimu wa Kiswahili aliwahi kuyasifu matamshi yangu mbele ya darasa. Kidato cha tatu nilitaka kufungua duka la maua, mimi ambaye sijawahi kupanda hata mchicha. Halafu kulikuwa na siku ile shuleni walipoletwa wageni watueleze juu ya kazi zao: mama wa benki, muuguzi, na afisa mmoja wa kike wa bandari. Hotuba zao zote zilitupita. Sisi tuliangalia viatu. Mama wa benki alivaa vyekundu vyenye kisigino chembamba, na wiki nzima darasa letu lote lilikuwa linakwenda kufanya kazi benki. Muuguzi alivaa raba nyeupe zilizokanyagwa visigino. Hakuna aliyemuuliza swali.

Fizikia niliiacha mwisho wa kidato cha pili kwa sababu mwalimu wake alirusha mate akizungumza, na dawati langu lilikuwa la mbele. Sifanyi mzaha. Hakuna aliyeniambia kwamba nikikimbia mate yale naukimbia pia uhandisi, na urubani wenyewe, na nusu ya kozi nilizokuja kuziona baadaye kwenye orodha, kila moja ikinikataa kwa sababu ya somo hilo hilo. Nikisikia watu wakihubiria vijana wachague maisha yao kwa busara, huwa namkumbuka yule mwalimu na leso yake ya mfukoni. Alikuwa mtu mwema, na hajui alichonifanyia.

Basi uani pale, baba na mjomba walipokwisha kubishana mpaka chai ikapoa, nyanya aligonga sinia kwa kijiko.

"Nyinyi mwabishana bure," alisema. "Mwenyewe hamjamuuliza."

Niliinua kichwa. Nilidhani mwenyewe ni mimi. Nilianza hata kukohoa kidogo nisafishe koo, ingawa sikujua ningesema nini.

"Tuswali istikhara," nyanya akamalizia. "Mola ndiye ajuaye lenye heri."

Istikhara kwetu si jambo geni. Ni swala ya rakaa mbili na dua baada yake, unamwomba Mungu akuchagulie. Watu huiswali kabla ya kuposa, kabla ya kununua kiwanja, kabla ya kwenda Arabuni kutafuta kazi. Na kuna desturi iliyoshikana nayo, sijui ilianzia wapi, kwamba ukishaswali ulale ukingojea ndoto. Ukiona cheupe au kijani ni heri, endelea. Ukiona cheusi au chekundu, liache. Kwa kuwa jambo langu lilikuwa zito na siku chache, nyanya aliamuru tuswali sote watano kwa siku saba, kila mtu alale na udhu wake, na asubuhi tukutane uani tuhadithiane tulichoonyeshwa. Akatuma mtu Likoni amletee nguo za wiki. Hakuna aliyepinga, wala mimi. Nilifarijika, kusema kweli. Nilidhani sasa nimepata pa kuutua mzigo.

Asubuhi ya kwanza hakuna aliyeona kitu isipokuwa baba, aliyeota mashuka. Mashuka meupe, kamba baada ya kamba, hayana mwisho. Mjomba, aliyekuwa akipita kwetu kila siku kabla ya kwenda kazini, alisema weupe ni heri. Nyanya alimkata kauli. Alisema mtu aliyefua mashuka miaka kumi na mitano ataota mashuka, na huko si kuonyeshwa, huko ni kuchoka.

Asubuhi ya tatu mjomba alikuja na kontena jeupe. Alisema alilikuta peke yake katikati ya uwanja mtupu, linang'aa, na jina langu limeandikwa ubavuni. Mama alimtazama kaka yake, akamwongezea mahamri kwenye sahani.

Asubuhi ya tano ikawa zamu ya nyanya. Tulimsogelea sote.

"Nimekuona, mke mwenzangu," alisema. Aliniita hivyo kwa utani, kwa kuwa marehemu babu alizoea kuniita mkewe. "Nimekuona umeketi kitini, mbele yako meza kubwa. Watu wamepanga foleni, wana makaratasi, nawe wawaita mmoja mmoja."

"Mwalimu huyo," baba akasema papo hapo. "Yuwasahihisha madaftari."

"Forodha," akasema mjomba. "Yuwapiga mihuri."

"Meza ilikuwa rangi gani?" mama akauliza.

Nyanya alifikiri. "Rangi ya meza," akasema.

Walibishana juu ya meza ile mpaka mjomba akachelewa kazini. Mama mwenyewe, kila asubuhi alipoulizwa, alijibu jibu moja: "Sijaona kitu." Sikumwamini. Nilidhani ameona na anaogopa kunielemea.

Na mimi niliota, tena sana, lakini upuuzi mtupu. Niliota natafuta kiatu changu kwenye lundo la viatu mlangoni mwa madrasa, na viatu vyote ni vya mguu wa kushoto. Niliota mbuzi ameketi mbele ya kompyuta anajaza fomu yangu, na anaijaza vizuri. Siku moja niliota nimelala. Ningewahadithia nini watu waliokuwa wakiamka alfajiri kwa ajili yangu? Nilinyamaza, nao wakauona ukimya wangu ni wa mtu anayeficha jambo kubwa, wakazidi kunitazama.

Kilichonichanganya zaidi kilikuwa ile dua yenyewe. Ndani yake kuna mahali pa kulitaja jambo lako. Unasema, ewe Mola, ikiwa jambo hili lina heri nami, halafu unalitaja. Kila nilipofika hapo nilikwama. Jambo lipi? Ualimu haukuwa jambo langu, ulikuwa wa baba. Bandari ilikuwa ya mjomba. Nilijaribu siku moja kutaja urubani, nikaona haya, nikakumbuka na Fizikia. Mwishowe nikawa nasema tu "jambo hili, Wewe Mwenyewe walijua," nikapita haraka nisije nikasikika.

Siku saba zikaisha. Asubuhi ya nane tuliketi uani tena, na tovuti ilikuwa inafungwa kesho yake. Baba alikuwa amechoka, ndevu hazijanyolewa. Mjomba aliitazama saa badala ya kuigonga. Nyanya akanigeukia.

"Na wewe, mke mwenzangu? Siku zote hizi, kweli hujaonyeshwa?"

Ningependa kusema kwamba nilipima, nikatafakari, nikaamua. La. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Nimeona," nilisema. "Nimeona niko ndani ya chumba kirefu, kuta nyeupe, vitanda viwili viwili, vimepangana. Nimevaa nguo nyeupe. Kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, amelala mama mmoja mzee. Akaniambia, mwanangu, nigeuze upande huu. Nikamgeuza. Akashusha pumzi."

Nikaona bado wananisubiri.

"Na pazia lilikuwa la kijani," nikaongeza, kwa kujihakikishia.

Nyanya alisema alhamdulillahi mara tatu. Baba akajifuta uso kwa viganja viwili, akasema basi, neno limekwisha. Mjomba aliuma midomo, lakini hata yeye hakuweza kushindana na pazia la kijani. Mama aliiweka birika chini, akajifunika uso kwa leso, na mabega yake yakatikisika. Alikuwa akilia. Sikuwahi kumpa mtu kitu kikamgusa namna ile. Nilifurahi, wallahi, nilifurahi kwa dakika tano nzima. Kisha nikakumbuka tuliyofundishwa madrasa, kwamba mwenye kuzua ndoto ataamrishwa Akhera azifunge fundo punje mbili za shayiri, na hataweza, na hataachwa aache kujaribu.

Saiba, duka la kukodisha kompyuta zenye intaneti, ilikuwa njia panda, karibu na duka la vyakula vya kuku. Mwenyewe, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba, alinifungulia ukurasa akaniuliza nataka nini cha kwanza.

"Uuguzi," nilisema.

"Cha pili?"

"Uuguzi, chuo kingine."

"Cha tatu?"

Nyuma yangu baba na mama walikuwa wamesimama bega kwa bega. "Uuguzi," nikasema.

"Nimeona mtoto mmoja leo ajuaye atakalo," alisema yule mama, akabonyeza.

Hapo ningetarajia mambo yakwame. Mtu amemsingizia Mungu. Nilikuwa tayari kuadhibiwa, na adhabu ingenisaidia kuelewa nilipo. Badala yake milango ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Nilipata chuo cha hapa hapa Pwani, nikawa naondoka asubuhi na kurudi jioni kwetu. Jirani mmoja, muuguzi mstaafu, alinipa vitabu vyake vyote na mkasi wake. Baba akapata kazi ya kufua katika hospitali moja ya binafsi Nyali, na nyanya, bila haya yoyote, akatangaza kwamba ndiyo yale mashuka baba aliyoyaota. Bandari nayo, baada ya muda, mizigo mingi ikawa inapakiwa garimoshini moja kwa moja kwenda bara, kazi ya makaratasi ikahamia huko, na mjomba akauza saa. Kila lililotokea lilizidi kuithibitisha ndoto ambayo sikuiota. Ikawa sijui tena kama niliongopa, au kama uongo wangu ndio uliotumika. Niliwahi kukaa kwenye ngazi za maktaba ya chuo nikajiuliza swali hilo mpaka kipindi cha mchana kikanipita.

Na kazi yenyewe? Ningeichukia, ingekuwa nafuu. Siichukii. Wagonjwa wanasema nina mkono mwepesi, sindano yangu haiumi, na wapo wanaoniulizia wakija. Naijua wodi kama ninavyolijua jiko letu. Nikimgeuza mgonjwa akashusha pumzi, nafurahi, halafu furaha hiyo inanitia shaka, kwa sababu nilishaihadithia kabla sijaiona. Mwaka wa pili wa chuo nilitaka kuacha. Sikuwa na sababu nzuri. Mwenzangu mmoja alikuwa ameacha akaenda kuuza manukato, na nilimwonea wivu, si wa manukato, wa kule kuondoka. Nilimwambia baba kwamba labda hii siyo njia yangu. Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mwanawe akijaribiwa na shetani.

"Aliyeonyeshwa harudi nyuma," alisema, na tangu siku hiyo nikafungwa.

Ndoto ikawa mali ya ukoo. Nyanya aliihadithia harusini na matangani, na kila mwaka iliongezeka kitu: mara njiwa dirishani, mara sauti ya adhana, mara yule mama mzee akaninyanyukia akaniombea dua. Majirani wakaanza kuniletea binti zao waliomaliza shule, niwaeleze niliswali vipi hata nikaona wazi hivyo. Walikuja na madaftari. Nilikuwa nawaambia wale vizuri, walale mapema. Niliwaona wakiandika "kulala mapema," na nilijichukia.

Mwaka jana alilazwa katika wodi yetu mama mmoja aliyesomesha madrasa maisha yake yote, mguu umevunjika. Alikuwa mdadisi. Siku moja nikimfunga bandeji aliniuliza nilivyoingia uuguzi, nami nikamsimulia ile hadithi kwa ufupi, kwa mazoea, kama mtu anavyotaja tarehe ya kuzaliwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na ulikuwa umekusudia nini uliposwali?" akauliza.

"Abee?"

"Istikhara, mwanangu, haiswaliwi na mtu asiyekusudia kitu. Wewe wapima jambo, moyo wako walemea mahali, ndipo wamwambia Mola, hili nililolikusudia, kama lina heri nisahilishie, kama halina niepushie. Wala si lazima uote. Sasa nyinyi nyumba nzima mlikuwa mwauliza juu ya nini?"

Nilimwambia sijui. Akasema, "Hamkuuliza kitu, basi," bila ubaya, akanionyesha palipobana bandeji. Nililegeza. Nilikwenda chumba cha dawa nikasimama humo nikihesabu vichupa ambavyo vilikuwa vimekwisha kuhesabiwa. Watu wazima wanne na mtoto mmoja, siku saba, rakaa na dua, na hatukuuliza kitu. Nilitaka kucheka na nilitaka kumlilia mtu, na sikujua nianze na lipi.

Mwaka huu mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha nne. Aliyekuwa na miaka saba akisimama nyuma ya mlango kusikiliza ndoto za watu, sasa ana matokeo yake na tovuti imefunguliwa tena. Nyanya ameshatangulia mbele ya haki. Ijumaa moja, nikiwa sina zamu, mama aliniita uani tumenye mbaazi. Tulimenya kwa muda, kisha akasema alilokuwa akitaka kulisema.

"Mswalie mdogo wako. Wewe waonyeshwa upesi."

Niliona vidole vyangu vimesimama. Niliwaza mdogo wangu amekalia ndoo. Niliwaza wale mabinti na madaftari yao. Miaka kumi na moja nilikuwa nimelibeba neno hili, nikidhani nitakapolitoa nyumba itaanguka.

"Mama," nikasema, "ile ndoto sikuiota."

Aliendelea kumenya. Punje tatu nne ziliingia sufuriani.

"Najua," akasema.

Nilidhani hakunisikia. "Nasema niliitunga."

"Nimesikia. Mwenye kuota kweli husahau. Husema, sijui palikuwa wapi, sijui alikuwa nani. Wewe ulituhadithia mpaka pazia."

Hasira ilinipanda ghafla, hasira niliyokuwa sijui nimeiweka wapi. "Mbona hukusema? Mbona ulilia? Uliniacha miaka yote hii."

"Ningesema nini mbele ya babako na nyanyako? Nilidhani mwanangu ataka uuguzi, aona haya kumwambia babake, ndiyo kapitia ndotoni. Nikashukuru kwamba umepata njia, ndiyo nikalia. Mtu hatungi asilolitaka."

"Nilikutungia wewe," nikasema. "Wewe ndiye uliyetaka. Siku ya mazishi ya nyanya mzaa wewe ulisema, laiti tungekuwa na mtu wetu mle ndani."

Mama aliliweka ganda alilokuwa nalo mkononi. Alifikiri kwa dhati, uso umekunjamana, akitafuta.

"Nilisema hivyo mimi?" akauliza. "Huenda. Siku ya msiba mtu husema mengi. Mimi nilikuwa sina nilitakalo, mwanangu, ila wewe useme ulitakalo. Ndiyo maana kila asubuhi niliwaambia sijaona kitu."

Nilimtazama mama yangu, mwanamke niliyekuwa nimemfanyia kazi miaka minane wodini kwa sababu ya sentensi asiyoikumbuka, naye akanitazama, mtu aliyekuwa amenitunzia siri ambayo haikuwa siri yangu. Nilijihisi mjinga, na nilimhurumia, na bado nilikuwa na hasira.

"Basi niambie sasa," mama akasema. "Ulikuwa wataka nini?"

Nilifungua mdomo nimjibu haraka. Nilikuwa na hakika kwamba jibu liko, kwamba ndilo lile nililokuwa nimelinyima nafasi tangu siku ile ya saiba, na kwamba likipata tu mtu wa kulisikiliza litatoka. Mama aliusogeza ungo pembeni, akaiweka mikono yake mapajani. Jikoni maji ya wali yalichemka, kifuniko kikaanza kucheza, na yeye hakuinuka. Alinisubiri, nami nikakaa mbele yake, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, mdomo wazi, sina la kumwambia.